Mnanaa wa Nyuma ya Bafu

Jerusha alichovya kidole kwenye udongo, akakiramba. Alikuwa anatafuta chumvi. Hakuionja, na hilo likamwongezea hasira, maana aliyekuwa anamuulia mnanaa wake alikuwa mjanja kuliko alivyodhani.

Wiki sita zilizopita, kitalu kile nyuma ya bafu la mabati kilikuwa kijani mpaka wapita njia wakisimama kukishangaa. Lodwar nzima hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho. Sasa palibaki vijiti vikavu na majani kumi na moja tu.

Na chai ya majani hayo ndiyo peke yake iliyotulia tumboni mwake. Kingine chochote alikitapika, hata uji. Tangu Gitau, mumewe, aletwe huku kuwa karani wa serikali mwaka wa sabini na tatu, mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu ilikuwa na miezi mitatu, naye alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa inamponyoka. Mnanaa ukiisha, angempa nini mtoto aliye tumboni?

"Nakuleu!" alifoka. "Hebu njoo hapa!"

Jirani yake akaja bila haraka, debe la maji kichwani. Ndiye aliyewachotea maji kwenye mashimo ya mchangani, mtoni Turkwel, miaka mitatu sasa.

"Ejok, mama," alisalimu.

"Ejok gani? Umemwaga nini hapa? Majivu? Magadi?"

Nakuleu alitua debe, akautazama mnanaa kwa muda mrefu. "Mimi hapana mwaga kitu. Hii hapana dawa mbaya, mama. Hii ni kiu."

"Kiu! Kwetu Kinangop mnanaa ni gugu. Unaota mtaroni, hakuna anayeumwagilia hata kijiko. Hauwezi kufa bila mkono wa mtu!"

"Kwenu iko mvua," alijibu Nakuleu. "Hapa nani nanyesha?"

Jerusha alimfukuza kwa maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa, kama yeye, hapaswi kuyajua. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na cha kwake kilikuwa kinamletea maji kila asubuhi.

Gitau alirudi saa mbili usiku, kama kawaida siku hizi. Mpole huyo, hata nzi hamfukuzi kwa nguvu. Jerusha aliposhika mimba tu, alimkataza kunyanyua debe, na kwa Nakuleu akaagiza debe moja badala ya mawili. "Mimi nitaoga kule kazini, bomba lipo," alimwambia. "Maji ya hapa yawe ya kupikia, usijisumbue." Na kweli, kila jioni aliingia ameshaoga, kola safi, amejipaka mafuta. Akina mama wa kanisani walimwonea wivu.

"Ni huyu jirani," Jerusha alimwambia akimpakulia githeri. "Ananiulia mtoto, Baba. Nenda umripoti kwa chifu."

Gitau hakuinua macho kwenye sahani. "Wachana na huyo mama. Watu hawagombani kwa ajili ya majani. Nitakutafutia mengine."

Jerusha hakulala vizuri. Kulipokucha, majani yalikuwa manne. Siku nzima alikunywa maji na kuyatapika, na kila alipotapika hasira ilipanda. Saa kumi alimkuta Nakuleu dukani, katikati ya wanawake wanaonunua sukari, na hapo hapo akamwita mchawi.

Neno hilo haliokotwi likishaanguka.

Nakuleu aliweka chini kifurushi chake. Kichwa chake kilikuwa kimeibebea nyumba ile maji ya kupikia, ya kufulia na ya kuoga, na shukrani yake ndiyo hii, mbele ya watu.

"Sasa mimi nakasirika," alisema. "Mimi nilinyamaza sababu wewe iko na mimba. Basi. Kuja. Mimi naonyesha wewe mnanaa yako iko wapi."

Kumbe anakiri! Jerusha alimfuata mbio mbio juu ya mchanga uliowaka, mkono mmoja tumboni, huku akipanga atakayomwambia chifu. Walikwenda mpaka Nawoitorong, pembeni ya mji, wakasimama kwenye nyumba ndogo ya udongo yenye paa jipya.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bafu la mabati, na nyuma ya bafu kulikuwa na mnanaa. Ulifika magotini. Majani mapana, meusi kwa ukijani, yakimetameta kwa maji. Shina lake Jerusha alilijua. Alikuwa amelitoa kwa mamake mwenyewe, akalifunga kwenye gunia bichi, akalipakata kwenye lori kutoka Kitale. Turkana nzima hakuna mwingine aliyelileta.

Mtu alikuwa anaoga mle ndani. Maji yenye povu yalipita chini ya mabati, yakafuata kimfereji, yakaingia kwenye mizizi.

Jerusha alipiga magoti matopeni akaanza kung'oa, mikono miwili, mizizi kwa majani, na alichoking'oa akakisaga kwa kisigino. Mlangoni akatokea mwanamke kijana, mtoto kiunoni. Alipoona bustani yake inavyoharibiwa, akapiga yowe kwa Kiturkana.

Nakuleu alisimama kando, amekunja mikono. Hakumzuia yeyote.

Bafuni maji yakaacha kumwagika.

"Nani huyo anakusumbua, mama watoto?" akauliza Gitau.