Mkate wa Watu wa Ng'ambo

Zarnigar alifungua mlango wa jiko, akaingiza mkono mtupu ndani, akautoa taratibu.

"Bado halijapata joto," alisema. "Mwambie kaka yako alete kuni nyingine. Kavu, za mti wa aprikoti. Si hizi mbichi."

Parwin, bintiye, hakuwa na haja ya kumtafuta. Shoka lilikuwa likisikika uani tangu asubuhi. Sherbaz alipasua kuni kana kwamba kila gogo limemtukana.

Aliingia na mzigo, akaubwaga kando ya jiko la chuma hadi bomba la moshi likatikisika. Macho yake yakatua kwenye sinia.

"Kokwa za jozi zote hizo? Hata Idi hatukuzila hivi."

"Wageni hawapewi makombo," mama yake alijibu, akizikandia jozi zilizotwangwa ndani ya donge la unga lenye maziwa na siagi.

"Wageni! Watu wa ng'ambo ya mto wanakuja kutuchukulia kitu, nawe unawapikia mkate wa siagi?"

"Wanakuja kuomba. Anayeomba si sawa na anayechukua."

"Na kijana mwenyewe, Dildar, unamjua vizuri?"

"Namjua tangu anatambaa. Mama yake na mimi tulichota maji mfereji mmoja."

"Kama baba angekuwa hai..."

"Hayupo. Tumebaki watatu, na watatu wote lazima waridhie. Mmoja akikataa, basi. Ndivyo alivyosema mzee wa kijiji."

Alimgeukia Parwin, aliyekuwa akitandika busati. Msichana alikuwa ameoga na kuvaa kofia yake ya darizi, kama alivyoamriwa, lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

"Na wewe, mwanangu? Ukisema hapana, nauzima moto sasa hivi."

"Nitamtazamaje usoni, mama? Maisha yangu yote?"

"Sijui," Zarnigar alisema. "Kweli sijui."

Kuni zilitatarika. Parwin alilainisha pindo la busati, akalilainisha tena.

"Pika," alisema mwishowe. "Nimeridhia."

Sherbaz akageukia ukuta.

Mbwa walibweka mkate ukiwa bado haujaiva. Mzee wa kijiji alitangulia kuingia. Akafuata baba yake Dildar, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye baridi ile. Kisha Dildar mwenyewe, amejifunika shali hadi kidevuni, na mwanamume wa koti refu aliyeketi naye bega kwa bega kama pacha wake.

"Zarnigar," mzee alianza, "unajua kilichotuleta."

"Najua. Kwanza mkate."

Wakangoja. Hakuna aliyeuliza habari za mifugo wala za theluji. Harufu ya jozi ilijaa chumbani, na baba yake Dildar akaanza kulia polepole bila sauti. Sherbaz alisimama karibu na mlango. Shoka lilikuwa nje, hatua chache tu, na mama yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Hatimaye Zarnigar alitoa mkate, akaugonga tumboni kwa kidole, akasikiliza. Umeiva. Hakutafuta kisu. Aliuvunja kwa mikono, mvuke ukimchoma vidole, akamnyooshea Sherbaz kipande cha kwanza.

Wote walimtazama. Katika bonde lile, ukishakula mkate uliovunjwa mbele ya wageni, umeridhia, na hakuna kurudi nyuma.

"Mama, usinifanyie hivi," Sherbaz alinong'ona.

"Sikulazimishi."

Sherbaz alimkazia macho Dildar muda mrefu. Kijana hakuinua kichwa. Ndipo Sherbaz akakitia kipande kinywani, akakitafuna kama mtu anayetafuna kokoto, akakimeza. Parwin naye akala.

Zarnigar alichagua kipande kikubwa kuliko vyote, akapiga magoti mbele ya kijana.

"Pokea."

Dildar hakusogea.

"Pokea, mwanangu. Kwa mikono miwili, kama ulivyofunzwa kwenu."

Kijana akainyoosha mikono. Shali likamporomoka mabegani, na kitu cha chuma kikalia.

Zarnigar akamtazama mwanamume wa koti refu.

"Afande, mfungue," alisema. "Tumemsamehe. Aliyemuua mwanangu mkubwa hatakula mkate wangu na pingu mikononi."