Boksi la Tonton Lionel

Jumamosi mchana Tina alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la koko yake, lakini hakuwa anasali. Alikuwa anatafuna.

Alipomeza ya mwisho, boksi la dhahabu lilibaki na karatasi tu. Chokoleti zile zenye umbo la konokono zilikuwa za koko Vahwere, bibi yake, zilizotumwa na mwanawe Lionel, tonton wa Tina, kutoka Ubelgiji. Kesho baada ya misa akina mama wa parokia wangekuja hapa mtaani Nyakasanza, na koko angelifungua boksi mbele yao kama padri anavyofungua tabernakulo.

Kwa koko, boksi halikuwa chakula. Lilikuwa ushahidi. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Lionel amepotelea Ulaya kama wengine, na kila mwezi boksi liliwafunga midomo. Lilifika kwa pikipiki, chokoleti zikiwa ngumu kama sabuni, baada ya ndege, Entebbe, ziwa na vumbi lote la Kasenyi. Kila Jumapili jioni Lionel mwenyewe alipiga simu, bila picha kwa sababu mtandao wa Ulaya ni dhaifu, akikohoa kwa baridi ya kule. Siku moja alimwambia mama yake aingize nguo, mvua inakuja. Tina alisifu sana maendeleo ya Wazungu.

Sasa maendeleo hayo yalikuwa tumboni mwake, na dhamiri, ambayo masista wa internati, shule yake ya bweni, walikuwa wameilea kwa karo ya wazazi wake, iliamka.

Akatoka barabarani kutafuta uongo wa kufaa. Katika kuutunga alikuwa amefika kwenye panya mkubwa mla chokoleti alipoona, kona ya pili tu kutoka nyumbani, duka ambalo halikuwapo alipoondoka kwenda shule. Akaingia. Zeituni ndani ya chupa. Haradali yenye mbegu. Jibini nyekundu, mviringo kama mpira. Kwa muda alisahau dhambi yake. Alizunguka rafu zile kama marehemu aliyejikuta mbinguni kwa kosa la karani fulani.

Na pale juu, boksi la dhahabu.

Muuzaji, mama aitwaye Solange, akamuuliza linaenda kwa nani.

“Kwa koko Vahwere,” Tina akajibu. Ulikuwa ukweli wake wa kwanza siku hiyo. “Ile yake imeisha.”

Nyuma ya pazia la depo, stoo ya duka, mtu akakohoa. Solange akaingia huko, akakawia kidogo, akarudi na kulisukuma boksi juu ya meza.

“Patron anasema ubebe tu.”

Tina alibeba, akitambua kwamba shetani huwatunza vizuri watu wake.

Jumapili mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Wageni walikula, wakalamba vidole, wakamsifu mtoto asiyemsahau mama yake. Konokono wa mwisho koko alimweka pembeni, kisha akamkabidhi Tina mbele ya wote.

“Huyu mutoto,” akasema, “hagusi kitu ya mutu.”

Tina alimrudisha konokono yule ndani ya boksi.

Wageni walipoondoka, Tina akaungama yote: kabati, kutafuna, panya aliyekuwa karibu kusingiziwa, duka la kona ya pili. Patron na pazia lake hakuvitaja, maana hizo hazikuwa dhambi zake.

“Koko, unisamehe. Ile shokola mulikula leo haikutoka kwa tonton Lionel. Nilikamata hapa tu, karibu.”

Koko hakupandisha sauti. Alilainisha karatasi ya dhahabu juu ya goti lake, akatazama mlangoni kama kuna mgeni aliyebaki.

“Na kule nyuma ya pazia,” akauliza polepole, “Lionel anakohoa bado?”