Redio Iliyovuka Mwaka

Siku hizo redio za mbao, zenye mshale na taa ya manjano, zilikuwa zimerudi majumbani. Hazikushika vituo, zilishika sauti za nyumba yenyewe, za miaka iliyopita na ijayo. Asubuhi moja Shomari alizungusha swichi mpaka mshale ukavuka mwaka wao. Mwiko ukasikika ukikoroga chungu, kisha binti yao Mwanaheri, sauti yake imekomaa kidogo: "Baba, tui zito mama alikuwa analitia saa ngapi?"

Shomari akaizima. Mkewe, Rukia, alibaki akiitazama taa ikififia polepole.

"Huenda imekosea mawimbi," Shomari alisema.

"Huenda," Rukia akajibu. Akajifunga kanga kiunoni, akaita uani: "Mwanaheri, njoo mwanangu. Leo utapika wewe, mimi nitakaa nikuelekeze."