Ekseli za Kifaru

Otto alilala chali kitandani, kifaru chake cha vita cha kuchezea, cha rimoti, kikiwa kifuani, magurudumu juu. Magurudumu mapya ya chuma yalikuwa mazito mno, na ekseli za plastiki zilikuwa zimeshapinda.

"Mama Ida," alimwambia mkewe, "nikatie spoku za baiskeli yangu. Nizifanye ekseli."

Baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani tangu ile ajali ya barabara ya Namtumbo iliyoua miguu yake. Kila asubuhi mkewe aliipangusa vumbi, akisema, "Ukipona utaipanda."

Otto akasubiri kugombezwa. Moyoni aliomba agombezwe.

Mkewe aliishusha baiskeli, akachukua koleo. Spoku ya kwanza ilikatika kwa mlio mwembamba uliokaa chumbani.

"Nikate zote?" aliuliza, bila kugeuka.