Sinema ya Abdulnasir

Mwanamize alikuwa akisugua shati la mwanawe kwenye sinki, maji yakigeuka mekundu.

"Rangi tu hiyo, mama," Abdulnasir alisema, akificha mkono uliovimba. "Leo tumerikodi ugomvi wa stesheni."

Tangu msimu wa mpira uanze alidai amepata kazi kwenye sinema ya magenge ya wahuni wa mpira, hawa Waingereza wanaopigana kila timu zikikutana. Mwanamize hakuupenda uhuni huo, hata wa kuigiza. Lakini kijana alikaa bila kazi muda mrefu. Sasa kila Jumamosi alitoka nyumbani na uso mkunjufu.

Maulid, mdogo wake Mwanamize, hakuamini. Alikuja Stechford, mtaani kwa dada yake, kutoka Perry Barr, upande wa pili wa jiji, kumwambia, "Dada, nimemwona mwanao na wahuni wa kweli. Hapakuwa na kamera wala nini."

Mwanamize akamfungulia mlango atoke. Ndugu yake wa tumbo moja, ndiye wa kumchafulia mwanawe jina! Tokea siku hiyo hawakusemezana, na moyo wake haukupoa.

Jumatatu jioni, akikunja nguo mbele ya televisheni, akamwona. Abdulnasir! Anashuka mbio ngazi za stesheni na wenzake, anamrukia kijana mmoja, anampiga mateke mpaka kijana analala kimya. Kisha picha ikasimama. Uso wa mwanawe ukajaa kioo kizima, chini yake namba ya simu.

Kiingereza cha mtangazaji kilimpita, lakini tarakimu alizijua. Akapiga.

"Huyo wa mbele, mwanangu," akasema kwa Kiingereza chake cha dukani.

"Una hakika?" akauliza mwanamke aliyepokea.

"Nimemzaa mimi!"

Akataja jina, herufi moja moja. Akataja mtaa na nyumba. Yuko wapi sasa? Yuko juu, kajilaza, kachoka na kazi. Mwanamke akamshukuru sana, akamwomba asimwamshe.

Ndipo akampigia Maulid.

"Fungua televisheni, wanamwonyesha tena. Mtazame mpwa wako, kisha uniombe radhi."

Maulid akafungua televisheni yake. Alipojibu, alikuwa akinong'ona.

"Dada, hiyo si sinema. Polisi wanawatafuta waliomuua huyo kijana. Hiyo namba usiipige."