Jogoo Aliyefutwa

Ukumbi ulijaa. Mzee Shekimweri alikuwa ameisafisha upya filamu aliyoitengeneza ujanani, rangi zimekolea, sauti haina mikwaruzo.

Ilipofika sehemu ya kuagana, watazamaji walivuta pumzi. Hapo ndipo jogoo wa jirani alipowika siku ile ya kupiga picha, sauti yake ikanaswa, na tangu hapo, kila filamu ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulimwitikia kwa kuwika.

Safari hii hakuwika.

"Baba, jogoo yuko wapi?" binti yake, Mwanahawa, alimnong'oneza.

"Nimemfuta. Ameniaibisha miaka yote hii."

"Na mikanda ya zamani?"

"Nimeichoma. Sikutaka watu waendelee kuniwikia."

Nyuma kabisa mtu mmoja aliwika, kwa mazoea tu, akakatisha. Hakuna aliyecheka.

Kwenye skrini marehemu mke wa Mzee, aliyeigiza mwanamke anayeachwa, alisimama mlangoni machozi yakimlengalenga. Ghafla akageuza uso kuelekea uani, akasikiliza, akajiuma mdomo asicheke.

"Mama anacheka nini?" Mwanahawa aliuliza.

Mzee alikuwa amegeukia upande uleule, ametega sikio.