Waltzi kwenye Harusi ya Amosi

Bendi nzima ilikataa kwenda kupiga kwenye harusi ya Amosi. Aliyesema waende ni Magdalena peke yake. Lakini yeye ndiye mwimbaji, na mazoezi yalifanyika sebuleni kwake, basi wakaenda.

"Hakuna aliyekulazimisha," Ignas, mpiga klarineti na kiongozi wao, alimwambia wakati wanashusha vyombo mbele ya ukumbi kule Kilakala. "Tungesema tuna shughuli kwingine, yangeisha. Watu watasema, Magdalena."

"Watasema nini?"

"Kwamba huna moyo."

Magdalena alifikiri kidogo. "Huenda ni kweli," akasema, akajitwika spika moja begani na kuingia nayo ndani.

Hakusema kwa uchungu. Uchungu ulikwisha kumhama siku nyingi, ukaacha ganzi. Aliamka, akafagia uwanja, akapika, akala bila kujua amekula nini. Watu wakimwambia pole, alijibu kwamba ameshapoa, na kweli alikuwa amepoa, kama chai iliyosahaulika mezani.

Kilichomtoa nje ya nyumba ni bendi tu. Babu yake, karani wa shamba la mkonge, alikuwa ameacha gramafoni na kasha la santuri za dansi za kati ya vita kuu ya kwanza na ya pili: foksitroti, waltzi, jazi ya banjo na klarineti. Magdalena na wenzake walizisikiliza hizo santuri mpaka wakazishika, wakazitungia maneno ya Kiswahili, wakajiita Bendi ya Santuri. Wazee wa Morogoro waliwapenda tangu siku ya kwanza. Vijana walikuja kucheka, wakabaki kucheza.

Amosi alianza kuja mazoezini mwaka jana. Alikuwa mkulima wa nyanya na kabichi wa Mlali, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa asiyojua aiweke wapi akikaa kwenye kochi la watu. Magdalena ndiye aliyemwalika. Siku ya kwanza alimchinjia kuku. Kabla mgeni hajafika, aliishusha picha kubwa iliyokuwa ukutani akaipeleka chumbani kwake, na pale ilipokuwa pakabaki alama nyeupe ya mraba.

Majirani waliiona ile alama, wakasikia na harufu ya kuku, wakatabasamu. Magdalena alikuwa mjane wa miaka mingi. Walisema afadhali, upweke si mwenzi.

Aliyekuwa akimimina chai siku za mazoezi ni Witness. Witness aliishi humo humo ndani, mwanamke mdogo, mkimya, mwenye sura ya kugeukiwa njiani. Magdalena alimpa chumba kilicho kizuri kupita chake. Walikula sahani moja, wakasali rozari moja. Miezi michache ilipopita, Amosi akawa hawaangalii tena wapiga muziki. Alikuwa anaiangalia birika.

Magdalena aliona. Aliendelea kuimba.

Sasa alikuwa jukwaani, na ukumbi ulikuwa umejaa. Witness aliingia amevaa gauni la rangi ya maziwa, bila shela, ameushika mkono wa Amosi kama mtu anayevuka mto. Watu walipiga vigelegele, ila meza ya karibu na jukwaa ilikuwa kimya.

"Kamweka kwake, kamlisha," mama mmoja wa meza ile alinong'ona, "na leo anaolewa mbele ya macho yake."

"Tena anamwimbia," mwenzake akajibu. "Mimi nisingekanyaga hapa."

Magdalena alisikia kila neno. Alisubiri liume mahali, halikuuma. Akaianza foksitroti ya kwanza, na maneno yakampita kooni kama maji kwenye bomba, bomba lisijue yanakwenda kunywesha nani. Amosi alicheza vibaya, akihesabu hatua kwa midomo. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeukata mlima katikati.

Ignas alimsogelea. "Tupige mbili za haraka tuondoke?"

"Pigeni waltzi," Magdalena alisema. "Ndiyo waliyoiomba."

Wakapiga waltzi. Haikufika hata nusu, Witness akasimama. Aliutoa mkono wake katika mkono wa Amosi, akamwacha peke yake katikati ya ukumbi, akaja moja kwa moja mpaka jukwaani. Klarineti ikakatika, kisha banjo. Wale kina mama wawili wakaweka soda zao chini.

Witness alipiga magoti sakafuni na lile gauni lake. Magdalena aliiweka maikrofoni, akashuka, akasimama mbele yake.

"Nisamehe, mama," Witness alisema, kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu. "Nimeshindwa. Mume wangu marehemu bado namwota. Hata jana nimemwota."

"Hata mimi namwota," Magdalena alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa." Akamshika viwiko, akamwinua, akamkung'uta vumbi magotini. "Na ni mimi niliyekwenda Mlali kukutafutia huyu. Rudi ukacheze, mwanangu."